Majani ya Mwezi wa Tisa

Mwezi wa tisa Usukuma huwa mweupe. Udongo wa kichanga unarudisha jua machoni, mabua ya mtama yameliwa mpaka mashina, na vumbi la ng'ombe wanaotoka kunywa maji linaonekana kabla ya ng'ombe wenyewe. Anayepita kwa baiskeli kati ya kijiji na kijiji mkoani Shinyanga wakati huo anaweza kukuta jambo la kushangaza. Upande mmoja wa njia ardhi ni kavu, tupu kama uwanja wa kupuria nafaka. Upande wa pili majani makavu ya rangi ya simba yanafika magotini, na migunga imesimama katikati yake. Hakuna waya wala kibao. Ng'ombe wanapitishwa kandokando huku wakigeuza shingo, na kijana mwenye fimbo anawarudisha njiani. Anajua majani hayo ni ya nani na yatafunguliwa lini.

Wasukuma huita eneo hilo ngitili. Neno limeingia katika ripoti za serikali na vitabu vya wataalamu wa misitu bila kutafsiriwa, na si ajabu. Ukisema "hifadhi", msikilizaji anamfikiria askari na lango la kulipia. Ukisema "malisho", miti imesahaulika. Ngitili ni akiba ya majani pamoja na miti inayoyatilia kivuli, na ufundi wake wote umo katika kujua lini iguswe.

Mvua za Shinyanga ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei, na miaka mingi hazizidi milimita 800. Zikianza, ngitili inafungwa. Majani yanaota, yanatoa mbegu, yanakauka yakiwa wima, na hakuna mnyama anayeingia. Miezi hiyo ng'ombe wanakula kwingine, kisha baada ya mavuno wanaingizwa kwenye mabua. Julai au Agosti, kwingine kote kukiisha, ngitili inafunguliwa kipande kwa kipande, kimoja kikiliwa na kingine kikisubiri. Kundi zima haliingii mara moja. Wanaotangulia ni ndama, ng'ombe wa maziwa, wanyama walio dhaifu, na maksai.

Hao maksai ndio kiini cha habari yote. Mvua ya kwanza ikipiga, mkulima ana siku chache za kupitisha plau kabla wakati haujamponyoka, na maksai aliyemaliza kiangazi kwa kulamba vumbi havuti kitu. Chakula ambacho familia itakula mwakani kinategemea majani ambayo mtu aliyaona mabichi mwezi wa tatu akayaacha.

Ngitili ni za aina mbili: za familia, hekta chache karibu na mji wa mwenyewe, na za wote, zilizo kubwa zaidi na zinazosimamiwa kwa pamoja. Mpaka wake unaweza kuwa njia ya miguu, kichuguu, au mstari wa minyaa. Wamaasai nao wana olopololi, malisho ya ndama yanayotengwa karibu na boma, kwa hiyo wazo hili si la kabila moja. Lakini Usukumani wazo hilo lilikaribia kufa kabisa, kisha likafufuka, na kufa na kufufuka kwake ndiko kunakoieleza Shinyanga ya karne ya 20 vizuri zaidi kuliko takwimu za pamba.

Historia yenyewe inaanza na shoka. Kiongozi wa jadi wa Wasukuma huitwa ntemi, na wengi hulifasiri jina hilo kwa kitenzi cha kutema, yaani yule aliyetema pori la kwanza akawapa watu mahali pa kukaa. Pori lilikuwa kubwa, watu walikuwa wachache, na kukata miti ilikuwa sifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilipita sotoka, ikaua ng'ombe Afrika Mashariki nzima kwa wingi ambao haujapata kuonekana tena. Ng'ombe na mbuzi wa kula machipukizi walipungua, mashamba yakaachwa, na vichaka vikarudi kuyafunika malisho ya zamani. Pamoja na vichaka akaja mbung'o, anayewaletea ng'ombe nagana na watu malale. Kufikia miaka ya 1920, sehemu kubwa za Shinyanga hazikufaa tena kwa ufugaji.

Hapo ndipo anapoingia Charles Swynnerton. Mwingereza huyu alikuwa mpenzi wa viumbe tangu alipokuwa mkulima Rhodesia ya Kusini, na mwaka 1919 aliteuliwa kuwa bwana nyama wa kwanza wa Tanganyika. Baadaye alikabidhiwa utafiti wa mbung'o, na Shinyanga ikawa kituo chake kikuu. Aina moja ya mbung'o ilipewa jina lake mwaka 1923, heshima ambayo si kila mtu angeipigania. Alifariki mwaka 1938 kwa ajali ya ndege. Mtu aliyeanza kazi akiwalinda wanyama wa porini aliishia kusimamia mojawapo ya kampeni kubwa za kufyeka pori katika nchi hii.

Sababu yake ilikuwa rahisi. Mbung'o wa Shinyanga huhitaji kivuli. Kivuli kikiondoka, naye anaondoka. Swynnerton na wenzake walijaribu moto uliopangwa, walijaribu kukata vichaka vya aina fulani na kuacha vingine, lakini njia iliyoonekana wazi kwa kila mtu ilikuwa kufyeka. Watemi waliwatoa watu kwa maelfu, kiangazi baada ya kiangazi, wakaingia porini na mashoka na moto. Leo ni rahisi kuwalaumu. Lakini mwenye ng'ombe aliyeona ndama wake wakikonda na kufa mmoja mmoja hakuwa na sababu ya kuuonea huruma mti, na nagana kweli ilirudi nyuma. Watu na mifugo walienea katika ardhi iliyofunguliwa, na kwa muda ilionekana kama shoka limeshinda.

Kisha ikaja pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili bei ilikuwa nzuri, vyama vya ushirika vikaota kila upande, na mwaka 1955 vikaunda muungano wao wa Victoria, mojawapo ya mashirika makubwa ya ushirika barani. Pamba inataka shamba wazi. Fedha ya pamba, kama kawaida ya Usukumani, iligeuka ng'ombe, na ng'ombe wakataka malisho yaleyale ambayo pamba ilikuwa inayala. Kahama nako tumbaku ilihitaji kuni za kuikaushia.

Serikali ya kikoloni iliona hatari, ikaitibu kwa amri. Mradi wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulileta maji na kufungua ardhi mpya, lakini ulikuja na sheria za kupunguza ng'ombe, kulima matuta ya kukinga maji, na kuacha sehemu fulani bila kuguswa. Mengi ya mambo hayo yalikuwa ya busara. Yaliposukumwa na karani mwenye daftari la faini, yalichukiwa, na chuki hiyo ikawa kuni za harakati za kudai uhuru. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mradi ulikuwa umekufa. Wakati wote huo ngitili ziliendelea kufungwa na kufunguliwa bila karani yeyote. Wenye mradi walikuwa na mfano wa kile walichokitaka mbele ya macho yao, kwenye kila mji wa mfugaji, nao wakaenda kuandika amri.

Uhuru ukaja. Mwaka 1963 mamlaka ya kisheria ya watemi yakafutwa, na pamoja nayo ikaondoka sauti moja iliyokuwa ikiamua migogoro ya malisho. Hilo peke yake lisingeiua ngitili, kwa kuwa wazee walibaki na majirani walibaki. Kilichoiumiza zaidi kilikuja mwaka 1974.

Operesheni Vijiji ilikuwa na nia inayoeleweka: kuwakusanya watu waliotawanyika ili wapate shule, zahanati na maji ya bomba. Msukuma alikuwa hakai katika kijiji kwa maana ya nyumba zilizopangana. Alikaa katika mji wake, umezungukwa na minyaa, mashamba yakiuzunguka mji, ngitili ikiwa nje kidogo ya mashamba, mahali ambapo mtoto angeweza kuona kutoka mlangoni kama ng'ombe wa mtu wameingia. Lori lilipoihamisha familia hadi kwenye mistari ya nyumba kando ya barabara, ngitili ilibaki nyuma, bila jicho la kuitazama.

Hasara haikuishia hapo. Kijiji kipya kilihitaji nguzo na fito za nyumba mpya kwa mamia, zote kwa wakati mmoja, na kuni za kupikia kila siku kutoka eneo lile lile la karibu. Ng'ombe wote wa kijiji walitoka kwa njia moja na kurudi kwa njia moja, wakaisaga ardhi mpaka ikageuka unga. Tena ardhi iliyokuwa ya mtu sasa ilikuwa ya kijiji, na kijiji kilikuwa na umri wa miezi michache. Nani amwambie jirani asiyemfahamu kwamba majani yale yamefungwa? Ngitili hukaa katika kujuana, na watu walikuwa wamechanganywa upya kama karata.

Ndani ya miaka kumi matokeo yalionekana hata kwa mpita njia. Wanawake walitembea nusu siku kutafuta kuni. Samadi, ambayo ingerudi shambani, ilichomwa jikoni. Makorongo yalikata njia. Katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere aliizungumzia Shinyanga kama jangwa la Tanzania, na jina hilo likashika. Ngitili zilizoorodheshwa mkoani mwaka 1986 zilikuwa kama hekta 600 tu, katika mkoa ambao wakati huo ulienea kutoka Bukombe hadi Meatu.

Mwaka huohuo wa 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo watu waliizoea kwa kifupi chake, HASHI. Norway ilisaidia kwa fedha, na baadaye kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, kikajiunga kwa utaalamu. Mwanzoni HASHI ilifanya kile ambacho miradi ya misitu ilikuwa ikifanya kila mahali: ilifungua vitalu vya miche na kuwahimiza watu wapande.

Kupanda mche Shinyanga si kazi ya mchezo. Unapandwa mvua zikiwa karibu, unapigwa na jua miezi sita, mchwa wanaupenda, mbuzi wanaupenda zaidi, na maji ya kuumwagilia ni maji yaleyale ambayo mama ameyabeba kichwani kutoka mbali. Watu walipokea miche kwa adabu. Mingi haikuona mwaka wa pili.

Jibu lilikuwa chini ya miguu ya kila mtu. Mgunga uliokatwa haufi. Juu ya ardhi kinaonekana kisiki cha ukubwa wa ngumi, cheusi kwa moto wa miaka mingi, na kukizunguka vijiti vya kijani visivyozidi urefu wa kidole, kwa kuwa kila vinapochomoza mbuzi huvikata. Chini ya ardhi kuna mizizi ya mti mzima, yenye nguvu za mti mzima, inayojua maji yaliko. Mbuzi wakizuiwa msimu mmoja tu, vijiti vile vinaruka hadi kiunoni. Mtu akivipunguza, akabakiza viwili vitatu vilivyonyooka, baada ya miaka michache ana kivuli, bila kununua mche na bila kumwaga ndoo moja ya maji. Mkoani Dodoma leo njia hiyo inaenezwa kwa jina la Kisiki Hai, na ni jina lililochaguliwa vizuri.

Basi HASHI ilipoanza kuwauliza wazee badala ya kuwafundisha, wazee walisema neno ambalo mabwana misitu wengi hawakufundishwa chuoni. Walisema: rudisheni ngitili. Hawakuhitaji kuelezwa jinsi ya kuitunza. Walihitaji hakikisho kwamba atakayeifunga ndiye atakayeifungua, na kwamba serikali haitakuja kuigeuza msitu wake mara tu itakapokuwa na miti.

Ulinzi nao ulikuwa tayari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wanakijiji wa Shinyanga na Tabora walikuwa wameunda sungusungu, walinzi wenye pinde na mishale ambao serikali iliwatambua kisheria mwaka 1989. Watu waliokuwa wakifuatilia nyayo za ng'ombe walioibwa hawakupata shida kufuatilia nyayo za ng'ombe walioingia mahali pasipowahusu. Kesi ilipelekwa dagashida, mkutano wa jadi ambapo jambo huzungumzwa mpaka likamalizika. Faini ilikuwepo, lakini adhabu iliyoogopwa ni kutengwa: mtu akifiwa asizikiwe, nyumba yake ikiungua asisaidiwe. Baraza la kijiji liliandika sheria ndogo na kuipiga muhuri, na mambo mawili, muhuri na dagashida, yakaenda pamoja bila kugombana sana. Hilo ni jambo la nadra kuliko linavyosikika. Baadaye sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 na sheria ya misitu ya mwaka 2002 zikakipa kijiji nguvu ya kumiliki na kusimamia eneo la namna hiyo kwa jina lake.

HASHI ilipofunga kazi mwaka 2004, hesabu ilionyesha zaidi ya hekta 300,000 za ngitili katika vijiji 833, baadhi za kijiji, nyingine za familia moja moja. Watafiti walihesabu ndani yake aina 152 za mimea na aina 145 za ndege. Mpingo ulionekana tena mahali ambapo watoto walikuwa hawaujui. Mwendo wa kwenda kuni ulipungua kwa saa kadhaa kwa siku, na hapo ndipo ambapo wanawake waliiunga mkono ngitili kwa dhati, kwa kuwa maksai si wao waliokuwa wakiwalilia. Walipata kuni, dawa, uyoga, matunda ya porini, na nyasi za kuezekea ambazo zina bei sokoni. Hesabu moja ya wachumi ilikadiria kwamba vitu hivi vyote vina thamani ya kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Hesabu za namna hiyo zichukuliwe kwa tahadhari, maana hakuna anayenunua mboga za porini kwa dola, lakini upande zinakoelekea unajulikana kwa mpishi yeyote wa wilayani Kishapu.

Na fisi walirudi. Ripoti za furaha hupenda kuorodhesha ndege na kuwapitia fisi harakaharaka, lakini mwenye mbuzi haorodheshi hivyo. Vichaka vikikua, wanaolala ndani yake hawachaguliwi. Familia zilianza kuhesabu tena hasara za mbuzi walionyakuliwa usiku na mazao yaliyoharibiwa, na ingawa hasara hiyo ni ndogo kuliko faida ikipimwa kwa mkoa mzima, haipimwi kwa mkoa mzima pale zizini alfajiri.

Jambo la pili lisilopendeza ni kwamba ngitili ya familia inamfaa zaidi mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi. Asiye na ardhi hana cha kufunga. Amebaki na ngitili ya kijiji, au anakodi kipande cha mwenzake kiangazi kikikaza. Kukodi huko kumeleta fedha mahali ambapo zamani palikuwa na kupeana tu.

Halafu kuna kitendawili cha Wasukuma wenyewe. Tangu miaka ya 1970 wafugaji wa Kisukuma wamehama na makundi makubwa kwenda Rukwa, Usangu, Kilombero, hadi Rufiji na Lindi. Huko wana jina baya. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa kwa nguvu kutoka bonde la Usangu, wakilaumiwa kwa kukauka kwa Mto Ruaha Mkuu, na katika maneno ya kila siku ya kusini "Msukuma" na "uharibifu wa mazingira" vimekuwa karibu kitu kimoja. Ni kabila lilelile, wakati mwingine ni ndugu wa mzee yuleyule anayesifiwa Shinyanga kwa kutunza miti. Anayetaka kueleza tofauti hiyo kwa tabia ya kabila atakwama. Kule Usangu mfugaji ni mgeni. Hajui atalala pale mwakani au atakuwa barabarani na ng'ombe wake, na majani atakayoyaacha leo yataliwa kesho na mgeni mwenzake. Hana dagashida ya kumtenga mtu, kwa kuwa yeye mwenyewe tayari ametengwa. Yuko katika hali ileile waliyokuwamo baba zake mwaka 1974, siku ya pili baada ya lori kuwashusha.

Mkoa wenyewe umekwisha gawanywa. Mwaka 2012 Bukombe ilikwenda Geita, na Maswa, Meatu na Bariadi zikaingia Simiyu, kwa hiyo anayetafuta hekta zile 300,000 leo atazikuta katika mafaili ya mikoa mitatu. Machimbo yamefunguka, mji wa Kahama umetanuka, na mkaa una soko. Zipo ngitili zilizofutika, na zipo zilizofungwa upya.

Lakini tishio linalozungumzwa zaidi chini ya mwembe wa mwenyekiti wa kijiji halitoki mjini wala mgodini. Ni urithi. Mzee aliyefunga ekari 12 mwaka 1988 amezeeka, na ana wana wanne walio na wake na watoto. Zikigawanywa ni ekari tatu kwa kila mmoja. Mwenye ekari tatu akizifunga, hana shamba la mahindi. Akizilima, kiangazi kikifika itabidi awapeleke maksai wake wawili wakasimame njiani, wageuze shingo kuangalia upande wa pili, mahali ambapo ndugu yake bado hajalima.